Bi Mwanarusi na Nyota Iliyorudi Nyuma

Kule Bofu, upande wa Likoni, kabla nyumba hazijabanana kama zilivyo sasa, ulimsikia Bi Mwanarusi kabla hujamwona. Alikuwa na kicheko cha kuvuka nyua tatu, na akikusalimu ulijua umesalimiwa. Mchana alisuka makuti ya kuezekea, ameketi mkekani na miguu ameinyoosha, mikono ikienda yenyewe huku mdomo ukiwa na shughuli zake. Palipokuwa na arusi makuti yaliwekwa kando. Yeye ndiye aliyeongoza vugo, ngoma ya wanawake ya kugonga pembe za nyati kwa vijiti, na yeye ndiye aliyekuwa somo wa wasichana wengi wa mtaa. Somo ndiye anayemfunza bi arusi namna ya kuishi na mume, na ndiye anayeshika mlango siku mume anapoletwa.

Mmoja wa wasichana hao alikuwa mama yangu, Dhahabu, binti wa Bakari, na Bakari alikuwa kakake Bi Mwanarusi. Kwa hiyo msinitarajie niwe hakimu katika habari hii. Mimi ni mtoto wa ndoa ambayo nusura isifungwe, na nina upande wangu. Nampenda yule mwanamke, nilimpenda nikiwa mdogo nikiogopa sauti yake, na nampenda mpaka leo.

Alikuwa tayari na wajukuu alipoamua kujifunza kusoma. Herufi za Kiarabu alizijua tangu chuoni alikosoma Kurani, lakini hizi nyingine zilizokuwa kwenye mabango ya feri na kwenye mikebe ya samli zilimkera. Alisema hapendi kitu kinachomtazama naye hakijui. Basi mwaka wa hamsini na saba, kilipofunguliwa kisomo cha akina mama karibu na shamba la Bakari, alikuwa wa kwanza kuketi mbele. Mwalimu alikuwa Bi Barke, msichana wa kisiwani aliyevuka kwa feri kila alasiri, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza Bi Barke alimwogopa Bi Mwanarusi. Siku ya pili alimzoea. Baada ya hapo akaanza kumtumia kunyamazisha darasa.

Mwaka huohuo redio ilitangaza kwamba Warusi wamerusha chombo angani na sasa kinaizunguka dunia. Darasa zima lilikataa kusoma chochote mpaka jambo hilo lielezwe. Kitu kinazunguka vipi juu bila kuanguka? Bi Barke akafuta ubao, akachora Jua katikati, kisha akachora duara moja nje ya jingine, na juu ya kila duara akaweka sayari yake: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina hayo hayakuwa mageni kwa wanawake wa Bofu. Kila mmoja alikuwa amewahi kuambiwa nyota yake ni ipi kati ya hizo. Kilichowashangaza ni kuiona Dunia imetiwa katika orodha pamoja na nyingine, haina hata kiti cha mbele.

Bi Barke aliwaeleza kwa mfano wa jiwe la kombeo. Unalizungusha, nalo linataka kukimbia liende zake, lakini kamba inalivuta lirudi kwako. Halipati kuondoka wala halikuangukii, basi linabaki kuzunguka. Jua halina kamba, lakini lina mvuto, na mvuto huo unafanya kazi ya kamba. Sayari iliyo karibu na Jua huvutwa sana na hukimbia sana. Iliyo mbali huvutwa kidogo, huenda taratibu, na njia yake ni ndefu. Mirihi inamaliza mzunguko wake kwa miaka miwili kasoro kidogo, Mshtarii kwa kumi na miwili, na Zohali kwa karibu thelathini. Na hizo njia zenyewe, alisema, si duara kamili kama alivyochora. Zimebonyea kidogo, ila kubonyea huko ni kudogo mno kwa chaki yake.

Mwanasaumu, jirani mnene aliyekuwa mpinzani wa Bi Mwanarusi kwa kila jambo, ingawa hawakuweza kukaa siku nzima bila kuonana, aliuliza mbona sisi hatuhisi kwamba tunakwenda.

"Ukiwa ndani ya feri bahari imetulia," Bi Barke alimjibu, "waona nini?"

Mwanasaumu akafikiri. "Naona ng'ambo yaja kwangu."

"Basi ndivyo."

Kisha Bi Mwanarusi akasema kwamba kama mwaka wa Zohali ni miaka thelathini, basi kwa hesabu ya huko yeye bado hajaacha ziwa la mama, na mtu asimpe kazi nzito. Walicheka mpaka mwenye shamba la jirani akaja kuchungulia.

Hayo yalikuwa maneno ya darasani, ya kufurahisha alasiri. Hakuna aliyedhani kwamba mwaka mmoja baadaye arusi ya mtu itasimama juu ya maneno hayo.

Mama yangu alikuwa ameposwa na Faki, kijana wa hapohapo Likoni, mrefu, mkimya, anayependa kushona viatu vya watu bure kwa sababu tu ameona vimekatika. Babake Faki alikuwa amefariki, na aliyemlea ni ami yake, Maalim Mwinyihaji, aliyefundisha chuoni na kusomesha nusu ya Bofu. Faki alikuwa amepata kazi ya winchi bandarini Tanga, na alitakiwa afike huko mwezi wa Mfungo Nane ukiandama. Basi arusi ikawekwa mwisho wa Mfungo Saba. Dhahabu akawekwa ndani kama ilivyo desturi, haonekani na mtu, anapakwa liwa ya kung'arisha ngozi asubuhi na jioni, na Bi Mwanarusi yuko naye anamfunza. Mengine aliyomfunza siwezi kuyaandika hapa. Mojawapo ninaloweza ni kwamba siku mume anapoingia, bi arusi huinamisha kichwa na kulia, hata kama moyoni amefurahi, kwa sababu ndiyo heshima ya kwao.

Jioni moja Maalim Mwinyihaji alikuja kwa Bakari. Waliketi barazani, wakaulizana hali za nyumbani, wakanywa kahawa, na ndani wanawake wakatega masikio.

"Bakari," Maalim alisema, "mimi si mtu wa kuharibu furaha, nawe wanijua. Lakini nilichokiona nimekiona kwa macho. Nyota ya Faki ni Mirihi. Mwezi uliopita ilikuwa imekipita kile kishada cha nyota cha Kilimia, iko mbele yake. Kisha ikasimama. Sasa yarudi nyuma, kila nikitoka baada ya isha naiona imerudi tena. Mume ambaye nyota yake yarudi, akioa wakati huo, mke naye hurudi kwao. Tungoje inyooke."

"Itanyooka lini?"

"Nadhani Mfungo Tisa, inshallah."

"Mfungo Tisa Faki atakuwa Tanga, na mwaka wa kwanza hawapi ruhusa."

"Basi mwakani."

Bakari aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa maneno machache na kiburi kingi. Alisema binti yake keshawekwa ndani, mtaa mzima wajua, na hatamtoa nje aseme arusi imevunjwa na nyota halafu amrudishe ndani mwakani kama kuku wa mtego. Ikivunjika tarehe, imevunjika posa. Maalim alisikitika, na nawaambieni alisikitika kweli, maana alimpenda kijana wake. Lakini hakuwa mtu wa kuona kitu angani akasema hakukiona.

Kule ndani mama yangu alilia. Machozi yalichora michirizi kwenye liwa, na somo wake akakasirika kwa mambo mawili, posa na liwa.

"Nyamaza," alimwambia. "Bado hujaolewa, walia nini? Kilio kina siku yake."

"Amesema ataniacha, shangazi."

"Faki hajasema neno. Yasemwa kwa niaba yake."

Kesho yake Bi Mwanarusi alifika darasani kabla ya mwalimu. Bi Barke alipoingia hakupewa hata nafasi ya kuweka mkoba. Aliulizwa: Mirihi yarudi au hairudi?

"Ukiitazama, yarudi," alisema Bi Barke. "Lakini haijarudi popote. Yaenda mbele sikuzote. Ni sisi twaipita."

Akachora. Dunia kwenye duara la ndani, Mirihi kwenye duara la nje, na mistari kutoka hii kwenda ile mpaka pembeni mwa ubao alikoweka nyota za mbali. Dunia ina mwendo zaidi na njia fupi, basi kila baada ya miaka miwili na kidogo huifikia Mirihi na kuipita. Wakati wa kupita, Mirihi huonekana inarudi nyuma mbele ya nyota za mbali. Ikishapitwa, huonekana inakwenda mbele tena. Bi Mwanarusi alitazama ubao kwa muda mrefu.

"Hapo naona mistari tu," alisema. "Wewe njoo kwangu. Nitaicheza."

Kwa hiyo siku ya pili wanawake wa vugo walikusanyika uani kwake. Kinu kiliwekwa katikati kuwa Jua. Mwanasaumu alipewa duara la nje kuwa Mirihi, kwa kuwa alisema yeye hakimbii, na msichana mmoja mwepesi akapewa duara la ndani kuwa Dunia. Bi Mwanarusi akashika pembe na kijiti. Kila pigo hatua moja, isipokuwa Mirihi, ambayo ilitakiwa kusimama kila pigo la tano. Akaanza kugonga, wakaanza kwenda, na hakuna kilichotokea. Walizunguka kinu mara tatu na Dunia haikuipita Mirihi hata mara moja.

Bi Barke, aliyesimama pembeni, alijaribu kueleza upya. Wakazunguka tena. Msichana alifika karibu na Mwanasaumu, akapunguza mwendo, akaenda naye sambamba, tena nyuma kidogo. Hapo Bi Mwanarusi akaelewa. Katika vugo mdogo hampiti mkubwa. Unaweza kucheza vizuri kuliko yeye, unaweza kuimba kumshinda, lakini humpiti kwa hatua. Yule msichana alikuwa amefunzwa adabu tangu anatambaa, na aliyemfunza ni Bi Mwanarusi mwenyewe.

"Nyinyi mwacheza arusi," alisema. "Mimi nataka mcheze mbingu. Mwanasaumu, njoo ndani uwe Dunia. Wewe mtoto, toka nje uwe Mirihi."

"Niambie nimpite tu, nitampita," Mwanasaumu alisema, akajifunga leso vizuri.

Akampita. Alipokuwa anampita, aliambiwa asitazame miguu ya msichana bali kichwa chake na ua wa makuti ulio mbali nyuma yake. Mwanasaumu akakiona kichwa kinarudi nyuma, akasimama ghafla, akarudi alikotoka, akapita tena. Mara ya tatu alipita kwa raha zake tu. Kisha kila mwanamke akataka kuwa Dunia, na ukawa ugomvi wa furaha mpaka magharibi. Mama yangu aliyasikia yote kutoka chumbani, hakuruhusiwa kutoka, na alisema hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu kubwa kuliko liwa.

Lakini wanawake kuelewa hakukuisaidia posa. Aliyetakiwa kuelewa ni Maalim Mwinyihaji, na Maalim hangeingia uani kutazama wanawake wakicheza. Wao pia hawangetoka nje kucheza mbele yake. Bi Mwanarusi alisumbuka na jambo hilo siku moja nzima, na makuti aliyosuka siku hiyo Bakari aliyakataa, maana yalikuwa yamekaa upande. Mwishowe akamwita Faki mlangoni.

"Mwambie ami yako, kwa heshima zote, hatumwombi abadilishe hesabu yake. Twamwomba aje baada ya alasiri atazame kitu. Na wewe ndiye utakayekuwa kitu chenyewe."

"Nitafanya nini, mama?"

"Utatembea. Na kila nikigonga la tano utasimama. Hilo utaliweza?"

"Naliweza."

Uwanja ulikuwa nje ya ua wa Bi Mwanarusi, mahali alipokausha makuti, na mwisho wake kulikuwa na minazi ya Bakari. Wanaume walipanga kila kitu wenyewe, kwa maelezo aliyopewa Faki. Wanawake walijaa ndani ya ua, kila mmoja na tundu lake la kuchungulia. Bi Mwanarusi alikuwa na tundu kubwa kuliko wote, kwa kuwa ua aliusuka yeye na alijua pa kusukuma.

Maalim akafika na wazee wanne. Faki na wenzake, vijana wenye adabu, wakaona mzee hawezi kusimamishwa. Wakatoa kiti kizuri cha Bakari, cha kusukwa, wakakiweka pale katikati palipotakiwa kuwekwa kinu, wakamketisha Maalim hapo. Bi Mwanarusi alipochungulia alimwona Maalim amekaa mahali pa Jua, ametulia, fimbo mapajani. Alitaka kusema, lakini mwanamke hamnyanyui maalim kitini mbele ya wazee. Akauma midomo, akagonga pembe.

Faki akaenda duara la nje, rafiki yake mmoja duara la ndani. Faki alisimama kila pigo la tano bila kukosea. Rafiki yake alimfikia, akampita, akaenda zake, akamfikia tena. Maalim aliwafuata wote wawili kwa macho, akigeuza shingo, kisha akigeuza kiti kizima. Alifanya hivyo kwa uaminifu kabisa, mpaka kijasho kikamtoka.

"Sioni kurudi," alisema mwishowe. "Faki yuwaenda mbele. Na huyu mwengine yuwaenda mbele. Hakuna aliyerudi hapa."

Mzee mmoja akacheka. Bakari akatazama chini. Nyuma ya ua Mwanasaumu alianza kusema kitu, akafinywa.

Mapigo yakanyamaza, na sauti ya Bi Mwanarusi ikatoka kwenye makuti, si ile ya siku zote, bali ya taratibu.

"Maalim, wasema kweli. Hapo ulipoketi ndipo penye Jua. Jua halijaiona Mirihi ikirudi nyuma tangu iumbwe."

Maalim aligeuka akatazama ua. "Na mimi naiona yarudi. Mimi si mwongo."

"Si mwongo, Maalim. Lakini wewe hukai juani."

"Nakaa wapi?"

"Hapo anapokwenda huyo kijana wa duara la ndani. Wamekupa kiti kwa heshima, na heshima ni yako, lakini kiti hicho si chetu sisi binadamu."

Mimi nadhani mtu mwingine angekasirika wakati ule, akachukua fimbo yake akaenda. Maalim Mwinyihaji alikuwa amefundisha watoto miaka mingi, na alijua sauti ya mtu anayekuelekeza na sauti ya mtu anayekuchezea. Akainuka. Akavua makubadhi yake, akaikunja kanzu kidogo mkononi, akaenda akasimama kwenye duara la ndani.

"Nitazame nini?"

"Mtazame Faki usoni, na minazi iliyo nyuma yake kule mbali. Ule uliopinda ufanye ndio Kilimia."

Pembe ikaanza. Maalim alitembea kama watu wanavyotembea kwenda msikitini wakiwa wamechelewa, haraka lakini si kukimbia. Faki alikuwa mbele yake duara la nje, na kwa macho ya Maalim alikuwa anaupita mnazi uliopinda, anakwenda mbele. Maalim akamkaribia. Faki akaonekana anapunguza, kisha amesimama pale pale mbele ya minazi, ingawa miguu yake ilikuwa inakwenda. Maalim akawa sambamba naye, na uso wa Faki ukaanza kurudi. Ukaupita mnazi uliopinda kwa kurudi nyuma, ukaenda mpaka mnazi wa pili. Maalim alipokwisha kumpita na kuendelea mbele, uso ukasimama tena, kisha ukaanza kwenda mbele taratibu.

"Simameni," Maalim alisema.

Wote wakasimama.

"Faki, ulirudi nyuma?"

"La, ami."

"Hata hatua moja?"

"Hata moja. Naenda mbele tu."

"Tena," Maalim alisema, akarudi mahali pake.

Wakafanya tena. Wakafanya mara ya tatu na ya nne, na safari hii Maalim alikuwa anacheka peke yake, cheko la chinichini ambalo wanafunzi wake hawakuwahi kulisikia. Mzee aliyekuwa amemcheka naye akaomba apite. Kisha mwingine. Baada ya muda wazee wenye mvi walikuwa wamepanga mstari uwanjani kwa Bi Mwanarusi, kila mmoja akingoja zamu ya kuwa Dunia, na Faki maskini akizunguka na jua la alasiri kichwani, akisimama kila pigo la tano. Kiti cha Bakari kilibaki kitupu. Aliyegonga pembe alikuwa amechoka mkono na hakutaka kumwachia mtu.

Mtindo huo haukuondoka Bofu. Miaka mitano baadaye, katika sherehe za Uhuru, wanawake wa vugo wa Bofu walicheza maduara mawili uwanjani, la nje likisimama kila pigo la tano. Watu wa mitaa mingine waliuliza hiyo ni ngoma gani. Mwanasaumu aliwaambia ni ngoma yake, na kwa mara moja Bi Mwanarusi alimwacha.

Ila alasiri ile Maalim hakuamua kitu. Mzee mmoja alimuuliza, sasa vitabu vyake vya falaki, vya hesabu za nyota, vina makosa? Akajibu kwamba vitabu vimesema yarudi, na machoni yarudi, hakuna aliyesema uongo. Kisha akaongeza, na Bi Mwanarusi aliyasikia wazi kwenye tundu lake: "Lakini nimemhukumu kijana kwa mwendo wangu mwenyewe. Hilo nahitaji kulifikiria." Akavaa makubadhi, akamuaga Bakari, akaenda zake.

Alilifikiria kwa siku zote zilizobaki. Hakutuma mtu. Bakari alisema kama Maalim hatakuja na Faki, hapatasomwa nikahi, maana kijana hana mzee mwingine, na yeye hatamwoza bintiye kwa mtu aliyekuja peke yake kama mgeni wa feri. Wanawake walipika hivyohivyo. Walichambua mchele hawajui utaliwa na nani. Mama yangu alitiwa hina mikono na miguu, akauliza, hina hii ikikolea na arusi isiwepo, itafutwa na nini?

Alhamisi ya arusi ikafika. Adhana ya isha ilipomalizika nyumba ilikuwa imejaa wanawake na hapakuwa na aliyeimba. Nikahi ilitakiwa isomwe msikitini baada ya sala, kisha mume aletwe. Pembe zilikuwa zimelala juu ya mkeka. Bi Mwanarusi alisimama nyuma ya mlango, mgongo ameuegemeza, na Mwanasaumu alikuja akasimama karibu naye bila kumtania.

Hatimaye zikasikika nyayo nje, nyingi, na mtu akabisha kwa fimbo.

"Hodi."

Kwa desturi somo hafungui upesi. Huwasumbua walioleta mume, hudai hiki na kile, watu wakacheka. Bi Mwanarusi alikuwa ameongoza milango mingi ya namna hiyo. Usiku ule aliuliza swali moja tu.

"Nani?"

"Mimi Mwinyihaji. Niko na Faki. Nimetoka kuitazama sasa hivi, hapo nje ya msikiti. Mirihi bado yarudi nyuma, imeshakiacha Kilimia. Nikahi nimeisoma mimi mwenyewe. Fungua mlango, somo, tumemleta mume."

Bi Mwanarusi alifungua mlango wote, pande mbili. Wanawake wakaziokota pembe. Na chumbani, juu ya kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe, mama yangu, aliyefunzwa mwezi mzima kuinamisha kichwa na kulia, alikuwa ameinua uso anacheka, na somo wake hakumkataza.